Chombo cha tanga kwa sababu gani? Mapumziko, mashindano, safari au kazi ya mikono

Anayeuliza anunue chombo cha mita ngapi mara nyingi hajajiuliza swali linalotangulia: anakwenda majini kufanya nini? Jibu lake ndilo linaloamua urefu wa chombo, mahali kitakapolala, saa kitakazokula na kitu kitakachoharibika kwanza.

Sababu za watu ni nyingi, ila kubwa ni nne. Kuna mtu wa mapumziko, anayetaka saa mbili za upepo na kimya baada ya kazi. Kuna wa mashindano, ambaye raha yake ni kumpita mwenzake kwenye boya. Kuna wa safari, anayetaka chombo kimfikishe mbali na kimlaze ndani. Na kuna wa mikono, ambaye chombo kikishashuka majini huanza kutafuta kingine cha kukarabati.

Tofauti hizi hujitokeza hata kati ya watu waliosimama mstari mmoja. Mwaka 1968 mabaharia tisa waliondoka kushindana kuizunguka dunia, kila mmoja peke yake, kwa matanga, bila kutia nanga bandari yoyote. Robin Knox-Johnston alirudi Uingereza Aprili 1969 na chombo chake Suhaili, chenye urefu wa mita 9.8 hivi, akawa ndiye pekee aliyemaliza. Mfaransa Bernard Moitessier alikuwa na nafasi nzuri ya kutwaa zawadi ya kasi. Badala ya kupanda kaskazini kuelekea nyumbani aliyaacha mashindano, akaendelea na safari mpaka Tahiti. Alikuwa mtu wa safari tangu mwanzo. Orodha ya washindani ndiyo iliyomwandika vingine.

Wengi wana sababu mbili kwa pamoja, na hilo si tatizo. Tatizo ni kununua chombo kwa ajili ya sababu inayotimizwa wiki mbili kwa mwaka, huku wiki nyingine hamsini zikidai chombo cha aina nyingine kabisa. Kwa hiyo tuzipime sababu zote nne kwa vipimo vilevile: muda, umbo la chombo, watu, mahali pa kukilaza, na kinachoharibika.

Muda

Kwa mtu wa mapumziko, kipimo cha kweli ni dakika zinazopita tangu afike mpaka tanga lishike upepo. Dingi (chombo kidogo kilicho wazi) ya mita nne iliyo juu ya kigari chake huchukua kama dakika ishirini: kuvua turubai, kusimamisha mlingoti, kufunga usukani, kupandisha tanga kwa henza (kamba ya kulipandishia), kuziba tundu la kutolea maji. Chombo cha mita kumi na mbili kina vifuniko vya matanga, injini ya kukaguliwa, koki za kufungua (za matundu ya maji kwenye ganda), kamba nne za gati na maboya ya ubavuni. Hapo hesabu dakika hamsini, na hamsini nyingine wakati wa kurudi. Ukiwa na saa tatu tu kabla ya giza, chombo kikubwa kimekuachia saa moja na dakika ishirini. Ndiyo maana vyombo vikubwa vingi hukaa gatini jioni nzuri kabisa, huku vidogo vikiwa nje vinakula upepo.

Muda wa mashindano si wako, ni wa kalenda. Ishara ya kwanza hutolewa dakika tano kabla ya kuanza, nyingine dakika nne, nyingine dakika moja, kisha mstari unafunguka kwa aliyepo na asiyekuwepo. Ukikosa, wenzako wa chombo kimoja wamebaki bila mtu wa demani, kamba ya kuongozea tanga. Anayependa ratiba hunufaika, kwa sababu mashindano humtoa nyumbani hata siku ambayo asingetoka. Mwenye kazi ya zamu zisizotabirika atateseka.

Safari hupimwa kwa siku. Chombo kinachokwenda wastani wa noti 5, yaani maili tano za bahari kwa saa, hupiga maili 120 kwa saa ishirini na nne, sawa na kilomita 222. Maili 600 ni siku tano mchana na usiku, kama upepo utakuwa mwema. Ongeza siku za kusubiri hali ya hewa itulie, na usizipunguze hata kidogo. Ajali nyingi za safari huanza na mtu aliyeng'oa nanga kwa sababu likizo inakwisha.

Kazi ya mikono hukubali saa ndogondogo za jioni, na hiyo ni nafuu kubwa kwa mwenye familia. Ila makadirio ya muda huwa nusu ya ukweli. Joshua Slocum alitumia miezi kumi na mitatu kuifufua Spray, chombo kikuukuu alichokikuta shambani, naye alikuwa nahodha wa miaka mingi na fundi wa vyombo. Ndicho alichokitumia kuizunguka dunia peke yake kati ya 1895 na 1898, wa kwanza kufanya hivyo. Anayejifunza kuchonga huku akijenga ajipe zaidi.

Umbo la chombo

Chombo kizito chenye mkuku (uti wa chini ya ganda) hakikimbii kupita urefu wake unavyoruhusu. Chukua urefu wa sehemu inayogusa maji kwa mita, tafuta kipeo chake cha pili, zidisha kwa 2.43; jibu ni kasi ya juu kwa noti. Mita 6 zinatoa karibu noti 6, mita 9 zinatoa 7.3. Kwa mtu wa jioni tofauti hiyo haina maana yoyote. Kwa mtu wa safari ni siku nzima iliyookolewa kwenye kila wiki ya kusafiri, mradi upepo utoshe.

Wa mapumziko atosheke na mita nne hadi sita, tanga moja au mawili, na mkuku wa kupandisha ili aweze kukaribia ufukwe. Dari la kujikinga na jua au mvua litamfaa kuliko kitanda.

Wa mashindano asichague chombo kwanza. Achague kundi. Chombo kizuri cha aina ambayo hakuna mwenzako anayo ni farasi asiye na uwanja. Kwa mfano ILCA, dingi ya mtu mmoja iliyokuwa ikiitwa Laser, ina mita 4.23 na ganda lenye uzito wa kilo 59, na imekuwa kwenye Olimpiki tangu 1996. Watoto huanza na Optimist ya mita 2.3. Ukinunua iliyotumika, bonyeza sakafu yake kwa kidole gumba: ikibonyea na kurudi, faibaglasi imechoka, na chombo kilicholegea hupoteza kasi kwenye mawimbi hata ukikibadilishia matanga yote.

Wa safari hupima uzito. Watu wawili wakipangiwa lita nne za maji kila mmoja kwa siku, mwezi mmoja ni lita 240, yaani kilo 240 kabla ya chakula, mafuta, vifaa na mnyororo wa nanga. Chombo cha mita saba hubeba shehena hiyo kwa kuzama kupita mstari wake, kikawa kizito kuinuka kwenye wimbi. Mita tisa hadi kumi na mbili ndicho kipimo ambacho wawili wanaweza kukimudu bila kusaidiwa. Katamarani ina nafasi na haiinami, vikombe hukaa mezani. Lakini inachukia mzigo kuliko chombo cha mkuku mmoja, na ikipinduka kabisa haijirudishi. Chombo chenye farumi (uzito wa kukituliza) ya kutosha mkukuni huinuka tena, hata kikipoteza mlingoti.

Wa mikono ana njia mbili. Ya kwanza ni kujenga kidogo kipya: dingi ya plaiwudi ya mita tatu na ushei, vipande vikishonwa kwa waya wa shaba kisha viungo vikazibwa kwa kitambaa cha faibaglasi na gundi. Mtindo huo ulienezwa na Mirror, dingi ya miaka ya 1960 iliyobuniwa ili mtu asiye fundi aijenge nyumbani. Ya pili ni kufufua kikuukuu, na hapo ndipo chombo cha bure huwa ghali kuliko vyote. Kabla ya kukubali, pita juu ya sitaha ukigonga kwa mpini wa bisibisi kila sentimita kumi. Mlio mkavu ni salama. Mlio mzito kama wa kugonga boga lililooza maana yake maji yameingia katikati ya tabaka, mara nyingi kupitia skrubu za vifaa vya sitahani. Kwenye mbao, choma kwa ncha pale maji ya mvua yanapojikusanya, hasa pembe za tezi (sehemu ya nyuma) na miguu ya mataruma (mbavu za chombo). Maji ya mvua huozesha mbao haraka kuliko maji ya chumvi. Kisha tazama mahali mkuku wa chuma unapoungana na ganda: michirizi ya kutu inasimulia habari za bolti ambazo huwezi kuziona.

Watu

Hapa sababu nyingi hukwama. Mwenye chombo huwa amejipima yeye, hajawapima wenzake.

Mapumziko hayana sharti la watu, kwa hiyo chombo chake kiendeshwe na mmoja. Jaribio ni hili: keti penye kana (mpini wa usukani) na uone kama unafikia demani zote bila kuachia usukani. La pili ni kupunguza tanga peke yako upepo ukizidi, na kwa tanga kubwa la kisasa mpangilio ni huu. Legeza demani tanga lipoteze upepo. Shusha henza mpaka kwenye alama. Nasa pembe ya mbele kwenye ndoana yake, kisha kaza henza tena mpaka ukingo wa mbele unyooke. Ndipo uvute kamba ya pembe ya nyuma mpaka ikaze, na mwisho kabisa rudisha demani. Wanaovuta pembe ya nyuma kabla ya kukaza henza hupasua tanga, kwa kuwa mzigo unaangukia kitambaa mahali pasipotiwa nguvu. Vikamba vifupi vya katikati ni vya kukusanya kitambaa kinachoning'inia tu. Ukivikaza sana navyo hupasua.

Mashindano yanahitaji wenye moyo huohuo, tena wanaozijua kanuni, ambazo hupitiwa upya kila miaka minne. Mbili zinatosha kuanzia: chombo kinachopokea upepo upande wa kushoto hukipisha kinachopokea kulia, na vikiwa vinapokea upande mmoja vimelingana, kile cha upande wa joshi (upepo unakotoka) hukipisha cha upande wa demani (upepo unakokwenda). Kelele zipo. Mtu anayekerwa na kupigiwa kelele kwenye boya asilazimishwe kwa jina la kuburudika.

Safari ya usiku kwa wawili maana yake ni zamu, saa tatu au nne kila mmoja, na kila mmoja yuko peke yake kwa nusu ya safari. Kwa hiyo wote wawili lazima waweze kupunguza tanga, kusoma dira, kutumia redio kwenye chaneli 16 ya dharura na kumtafuta aliyeanguka majini. Kama mmoja ni abiria, nahodha hana wa kumpokea, na usingizi utamshinda usiku wa pili. Kichefuchefu nacho kipimwe mapema, kwenye safari ya siku mbili karibu na bandari.

Kazi ya mikono ni ya mtu mmoja na rafiki wa kuombwa siku ya kugeuza ganda.

Mahali pa kukilaza

Dingi ya jioni au ya mashindano ilale nchi kavu. Ganda linabaki safi, na utelezi wa mwani hautapunguza mwendo. Turubai liwe na nafasi ya hewa kupita, la sivyo litaweka unyevu ndani badala ya kuuzuia. Chombo kinachokaa majini kinahitaji rangi ya kuzuia magamba, mara nyingi kila mwaka, na anodi za zinki (vipande vinavyolika badala ya metali nyingine za chombo) kwenye maji ya chumvi. Zibadilishwe zikishalika nusu. Kwenye maji yasiyo na chumvi tumia za magnesi.

Kwa mtu wa safari, mahali pa kulala ni nanga yenyewe, na hesabu yake hukosewa kila siku. Tuseme kipimo cha kina kinasoma mita 5. Ongeza mita 1 kutoka usawa wa maji hadi omo (ncha ya mbele), na mita 2 ambazo maji yatajaa usiku. Kina chako ni mita 8, si 5. Kwa mnyororo mtupu zidisha kwa tano: mita 40. Kwa kamba yenye mnyororo mfupi mbele zidisha kwa saba: mita 56. Aliyetoa mita 25 kwa kuzidisha 5 kwa 5 ataona mambo shwari jioni. Maji yakijaa atakuwa na uwiano wa tatu tu, mvuto utainuka juu badala ya kulala chini, na nanga itaanza kukokota saa ambayo kila mtu amelala.

Wa mikono anahitaji banda lisilovuja, lenye mlango mpana kuliko chombo. Hilo la mlango limewapata watu wengi kuliko wanavyokiri.

Kinachoharibika

Chombo cha jioni huuawa na kusahauliwa. Jua hula nyuzi za tanga lisilofunikwa, demani husagika palepale inapopita kwenye kapi, kiziba cha tundu hubaki nyumbani. Hakuna kikubwa, ila vyote vikikutana siku moja matembezi yamekwisha.

Mashindano huchosha vitu kwa nguvu. Upepo ukipanda kutoka noti 10 hadi 20, msukumo kwenye tanga hauzidi mara mbili, huzidi mara nne. Tanga likizeeka tumbo lake hurudi nyuma, chombo kikainama zaidi na kushindwa kukaribia upepo wakati wa kubisha. Hiyo ndiyo gharama iliyojificha ya mashindano: tanga ambalo mtu wa jioni angelitumia miaka mingine mitano, mshindani ameshalitoa. Waya za mlingoti zikaguliwe kwenye ncha zake. Waya wa nyuzi kumi na tisa ukikatika uzi mmoja, badilisha wote.

Kwenye safari kila kitu huharibika, ila kuna vinara watatu. Wa kwanza ni impela ya mpira kwenye pampu ya maji ya kupoza injini: maji yakikoma kutoka kwenye ekzosi, zima injini mara moja, badilisha, na uhesabu mabawa yaliyovunjika mpaka yatimie, kwa sababu kipande kimoja kilichobaki kitaziba njia ya maji mbele. Wa pili ni umeme. Betri ya risasi ya saa-ampia 100 ina 50 za kutumia, ukishuka chini ya nusu mara kwa mara unaiua, na friji peke yake inaweza kula 40 au zaidi kwa siku. Wa tatu ni koki na mipira ya chini ya mstari wa maji. Kila koki ifungiwe kando yake kiziba cha mbao laini chenye umbo la karoti, ili ikivunjika usianze kutafuta huku ngama (tumbo la chini la chombo) inajaa.

Kwa mtu wa mikono kinachoharibika ni gundi. Uwiano wa epoksi na kigumishi chake ni wa mtengenezaji, na kuongeza kigumishi hakuharakishi chochote. Kunaacha kiungo kilicho laini daima. Epoksi nyingi ndani ya kopo jembamba hujipasha moto yenyewe mpaka ikafuka moshi, basi imwage kwenye trei pana. Ikishakauka huacha utando kama nta: uoshe kwa maji na brashi kabla ya kupiga msasa, au rangi itabanduka.

Lazima kiwe chako?

Sababu hizi hazidai umiliki kwa kiwango kimoja. Wa mashindano ndiye anayeuhitaji kidogo zaidi, kwani wenye vyombo hutafuta watu wa kushika demani kila msimu. Wa safari afanye walau safari moja ndefu kama baharia wa mtu mwingine. Wa mikono hana njia, ganda lazima liwe lake. Ajabu ni kwamba wa mapumziko, mwenye sababu inayoonekana nyepesi, ndiye anayefaidi zaidi kuwa na chake, maana raha yake yote ni kuondoka bila kumwomba mtu.

Kulingana na hali yako

Una saa mbili tatu kwa juma na huna uhakika wa siku: dingi ya mita nne hadi sita, nchi kavu, karibu na unapoishi. Ukaribu ni muhimu kuliko ubora wa chombo.

Unajifunza na unataka kuwa hodari upesi: ingia mashindano, hata kama hupendi kushindana. Hakuna mahali pengine utakapoona kosa lako likipimwa kwa mita na sekunde.

Mnaota safari lakini mmoja wenu anasitasita: msinunue. Kodini chombo wiki moja, laleni nanga, amkeni usiku kuikagua, kisha muulizane.

Una chombo cha mita kumi na hakitoki gatini: pengine sababu yako ilikuwa ya jioni. Kabla ya kukiuza, jaribu dingi ya kuazima kwa mwezi mmoja na uhesabu siku ulizotoka.

Unapenda mbao kuliko maji: jenga kidogo, kimalize, ukitumie msimu mmoja, ndipo ufikirie kikubwa. Na kama una chombo cha kufufua ambacho pia unataka kusafiria msimu huu, andika orodha mbili za kazi: zile ambazo chombo kitazama bila kufanywa, na zilizobaki. Anza na koki.